Kabla ya Kuvuka Mpaka na Mpira Kwapani

Uwanja wenyewe ni saruji tupu. Mistari ilichorwa kwa rangi ya mafuta ambayo imekwisha kubanduka, ringi moja imeinama kidogo upande wa kushoto, na wavu ulishachanika zamani. Saa kumi na nusu jioni wingu linajikusanya juu ya Mwamba wa Tororo. Kocha anatazama juu kabla ya kutazama saa yake, maana huu ni mji wa radi, na saruji iliyolowa haina huruma na vifundo vya miguu. Wachezaji kumi na wawili wamejipanga chini ya ringi. Mmoja amepoteza mpira mara tatu. "Wote, mstari wa mwisho na kurudi!" Wanatimua mbio. Yule aliyepoteza mpira anafika wa mwisho, anahema. Kocha anamfuata, anainama, anamshika kiatu na kumwonyesha mguu uliotangulia vibaya. Kisha anamwambia akanywe maji.

Nimetazama mazoezi ya namna hiyo pande zote mbili za mpaka. Nimetazama pia mengine ambako hakuna aliyeonyeshwa mguu wala kupewa maji. Ukiwa mbali, yote yanafanana: filimbi, kelele, jasho. Mzazi anayepita kwa bodaboda hawezi kuyatofautisha. Naandika ili mzazi huyo ajue la kuangalia, na mtoto wake, ikibidi ahame, asihame kwa hasira akaacha vyeti nyuma.

Watu wa hapa wamezoea kuhama. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa Busia, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakiwavusha abiria kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine. Wasamia na Wateso wana shangazi na wajomba ng'ambo zote mbili, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe rasmi Busia Februari 2018, kuvuka kumekuwa kwepesi zaidi. Kijana wa Malaba au Matayos anaweza kusoma St. Peter's College Tororo au Manjasi, na binti akaenda Tororo Girls. Wa Uganda naye huvuka kuja Kenya. Vyuo vikuu pia viko karibu: Busitema upande wa Uganda, Alupe upande wa Kenya. Mbele zaidi ziko timu za vyuo zinazocheza ligi za taifa: UCU ya Mukono na KIU ya Kampala, Strathmore, USIU na Zetech za Nairobi na viunga vyake. Na ndoto imepata sura. City Oilers ya Kampala ilicheza Ligi ya Vikapu Afrika, BAL, mwaka 2023, na Nairobi City Thunder ikafuata mwaka 2025, timu ya kwanza ya Kenya kufika huko.

Basi kijana mrefu wa sekondari anayeruka vizuri hakosi wageni. Leo anatafutwa na mwalimu wa ng'ambo, kesho na "ajenti" mwenye simu tatu. Akigombezwa mazoezini jioni, usiku anapokea ujumbe: njoo kwetu.

Mkali au mkatili

Kabla ya kujibu ujumbe huo, jiulize: kocha huyu ni mkali au ni mkatili? Watu wengi huuliza swali hili visivyo. Wanauliza kama kocha anapiga kelele. Makocha wengi hupiga kelele. Uwanja ni mpana na radi ya Tororo ina sauti kuliko wao. Mimi huuliza mambo mengine. Anapogomba, anagomba kosa au anagomba mtu? "Umechelewa kurudi kulinda" ni kosa, na kesho linarekebishika. "Nyinyi watu wa ng'ambo ndivyo mlivyo" halirekebishiki, kwa sababu si la mpira. Adhabu yake inamwongezea mchezaji uwezo, au inamdhalilisha tu mbele ya wenzake? Kukimbia mistari huongeza pumzi. Kuruka kichurachura kwenye saruji mpaka magoti yavimbe hakuongezi kitu, na daktari yeyote wa viungo atakuambia hivyo. Na mchezaji akisema ameumia, nini kinafuata?

Hilo la mwisho ndilo kipimo changu kikubwa. Mchezaji anasema, "Mwalimu, goti linaniuma." Kocha wa kwanza anajibu, "Toka, vua kiatu, tuone." Wa pili anajibu, "Hata mimi nilicheza na goti linauma." Wote wawili wanaweza kuwa na makombe kabatini. Wa pili atamharibia mtoto wako goti akiwa na miaka 17.

Kuna mambo ambayo hata hayahitaji kupimwa. Kiboko, kofi, kunyimwa maji au chakula kama adhabu, kutusiwa kabila au umbo la mwili, kocha kushika kitambulisho au cheti cha mchezaji "kwa usalama", mazoezi ya mtu mmoja nyumbani kwa kocha, na binti kuombwa chochote nje ya mchezo ili apangwe kikosini. Haya hayaitwi ukali. Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumtesa mwanafunzi kimwili au kisaikolojia, na anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Uganda, marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yalipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni. Filimbi shingoni haimtoi kocha nje ya sheria hizi.

Ukihitaji msaada, nambari ya simu ya watoto ni 116, na bahati nzuri ni ile ile Kenya na Uganda. Ukiwa Busia huna haja ya kufikiri uko upande gani, ila angalia simu yako imeshika mtandao wa nchi ipi, maana karibu na lango laini huruka zenyewe na utajibiwa na watu wa nchi hiyo. Polisi wa Uganda wana kitengo cha familia na watoto, na vituo vingi vya Kenya vina dawati la jinsia. Jambo likiwa la kingono, usianzie kwa mwalimu mkuu ambaye anaweza kutaka kulimaliza ndani kwa ndani. Anzia polisi na hospitali, siku hiyo hiyo, kabla binti hajaoga wala kufua nguo. Tusidhani haya ni ya kijijini tu: mwaka 2021 rais wa FIBA, shirikisho la vikapu duniani, alijiweka kando wakati uchunguzi ukifanywa kuhusu unyanyasaji wa kingono wa wasichana katika vikapu vya Mali.

Wapo watakaosema makocha wakali ndio wanaoshinda. Watakutajia Bobby Knight wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, aliyefundisha pale kuanzia 1971, akatwaa ubingwa wa taifa wa vyuo mara tatu, na mwaka 1985 akarusha kiti uwanjani mechi ikiendelea. Watu walicheka. Mwaka 1997 kamera ya mazoezi ilimnasa akimshika shingo mchezaji wake Neil Reed. Reed alihama, akaenda kumalizia Southern Mississippi, na wengi hawakumwamini mpaka kanda ilipoonyeshwa kwenye televisheni mwaka 2000. Septemba mwaka huo huo Knight alifutwa kazi. Mwaka 2013 kocha wa Rutgers, Mike Rice, naye alifutwa baada ya video kumwonyesha akiwarushia wachezaji mipira na matusi. Katika visa vyote viwili, chuo kilichukua hatua nzito baada ya picha kuonekana hadharani. Mchezaji wa Busia hana kamera ya mazoezi. Ana daftari. Aandike tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo, jioni ile ile kabla hayajachanganyika na hasira. Daftari la wiki tatu husikilizwa kuliko machozi ya siku moja.

Na daftari lina faida nyingine ambayo vijana hawaipendi: wakati mwingine ukilisoma tena unaona kocha alikuwa sahihi. Kuwekwa benchi si unyanyasaji. Kuambiwa upunguze kupiga pointi tatu kwa sababu hazingii si unyanyasaji. Wachezaji kadhaa ninaowajua walihama kwa sababu ya benchi, wakakuta benchi lingine linawasubiri huko walikokwenda.

Nyaraka kwanza, begi baadaye

Sasa tuseme umeamua. Umesikiliza, umepima, na kuhama ndiko kuzuri. Wengi hapo ndipo wanapojikwaa, kwa sababu mpaka ni rahisi kuvuka kwa miguu lakini si rahisi kwa karatasi.

Kwa mwanafunzi wa sekondari, kitu cha kwanza ni kuachiliwa na shule anayotoka. Kenya, jina lake liko kwenye mfumo wa wizara, na mkuu wa shule ya zamani ndiye anayeliachilia. Uganda, mwanafunzi ana nambari yake ya utambulisho, LIN. Jina likibaki limenaswa kwenye shule ya kwanza, kijana atacheza mechi mbili, halafu timu pinzani itakata rufaa na ataitwa mamluki. Magazeti yetu yanalipenda neno hilo. Kila msimu wa mashindano ya shule, na hasa ya FEASSSA yanayokutanisha shule za Afrika Mashariki, yaliyofanyika Uganda mwaka 2024 na Kakamega mwaka 2025, kuna shule inayopokonywa ushindi kwa sababu ya mchezaji ambaye makaratasi yake hayakunyooka. Aibu hubandikwa mtoto. Mtu mzima aliyemvusha hatajwi.

Pili, angalia mwaka wa mtihani. KCSE ya Kenya na mitihani ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, husajiliwa mapema mwaka ule ule wa kufanya mtihani, na ukishasajiliwa kituo, ndicho chako. Kwa hiyo kuhama ukiwa Kidato cha Nne au S4 kwa ajili ya mpira ni kucheza na cheti. Kocha yeyote anayekushawishi kufanya hivyo amekwisha kukuonyesha anachokithamini. Kwa anayetoka KCSE kwenda S5 Uganda, njia iliyopitiwa na Wakenya wengi wa mpakani, matokeo lazima yalinganishwe na UNEB kwanza. Usingoje barua ya shule ikufikie ndipo uanze.

Tatu, kibali. Mtu mzima wa Kenya, Uganda au Rwanda anaweza kusafiri kati ya nchi hizi kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, lakini kusafiri si kusoma. Mwanafunzi anatakiwa kuwa na pasi ya mwanafunzi kutoka uhamiaji wa nchi anakosoma, na Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inalinda haki yake ya kwenda kusoma huko. Shule nyingi za mpakani hazijali mpaka siku ya safari ya mashindano ya nje, ndipo mwalimu anapoanza kukimbizana na ofisi za uhamiaji saa tatu usiku.

Halafu lipo suala la fedha, na hapa nitakaa kidogo.

Ahadi ya kawaida ni "tutakusomesha bure". Bure maana yake nini? Karo ya masomo tu, au na bweni? Na chakula? Sare, vitabu, ada ya mtihani, nauli ya likizo, matibabu ukiumia ukiichezea shule? Ni mpaka lini, na ukivunjika mguu inaendelea au inakatwa? Tuseme kijana amevuka Mei na viatu vyake begini kwa ujumbe wa WhatsApp usemao kila kitu kiko sawa. Anacheza muhula mmoja, anaumia. Muhula wa pili anaambiwa msaada ulikuwa wa karo pekee, deni la bweni limefika mahali fulani, na matokeo yake yatakaa ofisini mpaka lilipwe. Ujumbe ule haukutiwa sahihi wala muhuri, na aliyeuandika keshahamia shule nyingine, kwa sababu makocha nao huhama.

Kwa hiyo omba barua yenye kichwa cha shule, sahihi ya mkuu wa shule na si ya kocha peke yake, ikitaja kila kitu kinacholipwa na kisicholipwa, na kwa shilingi za nchi gani. Usicheke. Laki tano za Uganda kwa viwango vya miaka hii hazifiki shilingi elfu ishirini za Kenya, na wapo wazazi waliosikia "laki tano" wakadhani mtoto ametajirika. Kama shule itakataa kuandika, umepata jibu lako bila nauli ya kwenda na kurudi. Na kama shule unayoiacha inashikilia cheti cha KCSE kwa sababu ya karo, jua kwamba serikali ya Kenya imetoa amri zaidi ya mara moja kwamba vyeti hivyo visizuiwe. Nenda ofisi ya elimu ya kaunti, Busia mjini.

Kwa mchezaji wa klabu au chuo anayecheza ligi ya shirikisho, utaratibu ni mwingine. Ukiwa umesajiliwa na KBF ya Kenya na unataka kucheza ligi ya FUBA ya Uganda, unahitaji barua ya idhini ya uhamisho kutoka shirikisho unalotoka. Haliwezi kuizuia kwa kinyongo tu. Sababu inayokubalika ni kwamba bado una mkataba na klabu yako. Ndiyo maana usisaini mkataba usiousoma, na usisaini karatasi tupu kwa ahadi kwamba itajazwa baadaye. Kwa aliye chini ya miaka 18, FIBA hairuhusu uhamisho wa kimataifa wa mchezaji wa klabu ila kwa hali maalumu ambazo yenyewe huzipima, kwa mfano wazazi kuhama kwa sababu zisizo za mpira. Mtu anayekuahidi kulikwepa hilo anakuandalia kesi.

Jambo moja wana-mpakani hulisahau: timu ya taifa. Kenya inaruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010, na Uganda pia inaruhusu, kwa hiyo kijana anaweza kuwa na haki pande zote. Lakini kwa kanuni za FIBA, aliyepata uraia wa nchi baada ya kufikisha miaka 16 huhesabiwa katika kundi ambalo timu huruhusiwa mchezaji mmoja tu. Uganda ilimpa nafasi hiyo Ishmail Wainright, Mmarekani, kwenye AfroBasket ya 2021 mjini Kigali, ilipofika robo fainali. Na ukishaichezea nchi moja mashindano makuu ya FIBA baada ya miaka 17, kwa kawaida umefunga mlango wa nyingine. Usikubali kuvishwa jezi ya vijana ya nchi yoyote kwa haraka ya wikiendi moja.

Marekani

Kila mazungumzo haya huishia Marekani, basi niseme kwa ufupi. Vyuo vya huko sasa vinahamisha wachezaji kama soko la Jumatano. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, ilifungua daftari la mtandaoni la wanaohama Oktoba 2018. Zamani aliyehama alikaa nje msimu mzima. Mwaka 2021 akaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje, na tangu 2024 anahama kila mara mradi maksi zake darasani zinatosha. Mwaka 2025 zaidi ya wachezaji wa vikapu wanaume 2,000 wa Divisheni ya Kwanza, daraja la juu kabisa, waliingiza majina yao humo, ilhali timu za divisheni hiyo ni kama 360 tu. Wengi wanaoingia hawapati kilicho bora kuliko walichoacha, na chuo ulichokiaga kina haki ya kuufuta ufadhili wako.

Kwa mtoto wa Busia hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu yuko kule kwa viza ya mwanafunzi. Rekodi yake ya viza lazima ihamishwe na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo anachotoka kwenda kile kipya. Akibaki katikati bila chuo, hana haki ya kukaa nchini. Na zile fedha za matangazo ambazo wenzake Wamarekani wamekuwa wakilipwa tangu Julai 2021, yeye viza hiyo inamfunga mikono, kwa sababu imewekewa masharti makali ya kufanya kazi.

Na kuna saa inayotembea bila yeye kujua. Katika Divisheni ya Kwanza mchezaji amekuwa akipewa miaka mitano ya kucheza misimu minne, na hesabu hiyo huanza siku anapojiandikisha masomo ya muda wote katika chuo chochote duniani, kiwe Busitema, kiwe Alupe. Kijana anayejiandikisha chuo hapa "kwa muda tu akisubiri Marekani" anaila miaka yake mwenyewe. Kanuni hizi hubadilika karibu kila mwaka, kwa hiyo soma za mwaka wako kwenye tovuti ya NCAA yenyewe, si kwenye ujumbe wa ajenti, na usimlipe mtu yeyote "ada ya kukutafutia skolashipu" kabla hujaona barua ya chuo na kukipigia chuo hicho kwa nambari iliyo kwenye tovuti yake.

Kabla ya hayo yote, mzazi, fanya jambo moja lisilohitaji fedha wala mtandao. Usingoje muhula ufungwe. Chagua Jumanne au Alhamisi, nenda uwanjani saa kumi na nusu bila kumwambia kocha, ukae kwenye nyasi nyuma ya ringi. Hesabu mara ngapi watoto wameruhusiwa kunywa maji. Sikiliza anavyomwambia yule aliyepoteza mpira. Mazoezi yakiisha, msalimie kwa heshima, mwambie wewe ni mzazi wa nani, na umuulize mtoto wako anahitaji kurekebisha nini. Akikutajia kitu mahususi, mwache mtoto hapo amalize mwaka. Akikuambia tu kwamba mtoto ni mkaidi, anza kuulizia barua ya kuachiliwa.

Nakala za vyeti weka tatu: moja kwa mtoto, moja kwako, moja kwa shangazi upande wa pili.